Kosa Lililo Ukutani

Kaka Munir,

Sijamwambia mtu hili. Ile hesabu uliyoiandika ukutani, pale juu ngazini, ina kosa. Nililiona jioni ile ile ulipoiandika, nikanyamaza.

Naandika tena nisije nikajikwepa: nililiona. Nilikuwa nyuma yako na kikombe chako cha chai. Ulipiga mstari chini ya jibu, ukageuka na chaki kwenye zile ndevu zako chache, ukasema, "Haya mwalimu, sahihisha." Nikasema iko sawa.

Uliandika cos mahali pa sin.

Wewe ndiye uliyenifunza, na ulinifunza kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza cha skuli mimi huganda. Ulinipandisha sakafuni, kule juu ya nyumba, ukaishika kamba ya Mama ya kuanikia nguo, ncha moja kwenye bomba la tangi, ya pili kwenye msumari. Ukaitikisa mara moja. Kinundu kikakimbia hadi msumarini, kikarudi kimepinduka, mgongo chini. "Umeona? Kamba haikwenda popote. Kilichokwenda ni umbo." Kisha ukaniambia kwamba kila nukta ya kamba hutazama jambo moja tu, imepinda kiasi gani pale ilipo. Ikipinda sana, huvutwa kwa nguvu. Ikipinda kidogo, huvutwa pole pole. Ukasema huo ndio mlinganyo mzima wa wimbi, na zile alama za kutisha ni njia fupi ya kuyaandika hayo. Mama akapiga kelele kutoka chini, "Nguo zangu zikianguka mtazifua nyote wawili, na huyo mwanachuo ataanza yeye."

Jibu la mlinganyo huo ulilikata vipande viwili, kimoja cha mahali na kimoja cha wakati. Cha mahali chaweza kuwa sin, chaweza kuwa cos, mlinganyo wenyewe hauchagui. Zinazochagua ni ncha. Kamba ikifungwa, pale mwanzoni haina ruhusa ya kusogea; sin huanza kwenye sifuri, cos huanza juu kabisa. Basi cos hutoka. Na katika zile sin hubaki zinazorudi sifuri mwisho wa kamba: yenye tumbo moja, yenye mawili, yenye matatu, na kuendelea. "Kwanza tazama ncha, Salma." Ulilisema mpaka nikalichoka.

Jioni ile ulikuwa na haraka. Kipande cha wakati kilitaka cos kweli, kwa kuwa kamba yako ilivutwa ikaachiliwa bila kusukumwa. Mkono ukazoea, ukaandika cos kotekote.

Na kwa nini sikusema? Mchana wake binamu zetu walikuja, ukawaambia, "Salma akiulizwa jina lake kwa Kiingereza, husahau hata la babake." Wakacheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikaingia jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi. Kwa hivyo nilipoiona ile cos nilifurahi, Kaka. Nikasema moyoni, kesho wenzako chuoni watakuuliza mbona kamba yako yaruka pale ilipofungwa, na wewe uonje kusimama mbele za watu ulimi umekauka.

Asubuhi ulitoka kwenda chuoni Buxton kuwaeleza, na mvua yanyesha. Bodaboda ikateleza. Hukufika.

Sisemi ni mimi. Baba amesema siku yako ilikuwa imefika, nami naamini. Lakini ningesema neno moja tu, ungekaa kitako urekebishe, ungenung'unika, ungechelewa, na mvua ile ilikatika mapema. Hilo halinitoki kichwani.

Tangu uondoke hakuna anayeegemea ule ukuta. Mama amekataza hata ufagio kuusogelea. Mgeni akija kutoa pole hupandishwa ngazi. "Haya ni ya Munir. Mimi siyajui, lakini tazama alivyoandika." Nao husema mashallah, na mimi huangalia vidole vya miguu yangu. Baba arudipo kutoka kazini bandarini Kilindini hupanda na viatu, hukaa kidato cha mwisho na kutazama tu.

Chaki imeanza kupukutika. Jana Baba alimleta fundi wa mabango, na kesho baada ya swala ya Ijumaa atakuja kupita juu ya kila herufi yako kwa rangi ya mafuta, isifutike. Fundi alipokwisha kupima, Baba akanigeukia mimi. "Salma, wewe alikuwa akikufunza. Yote iko sawa? Tusije tukapaka makosa."

Nikasema, "Iko sawa, Baba."

Mara ya pili. Safari hii hapakuwa na binamu wala kicheko. Palikuwa na Baba tu, na macho yake.

Nimelirudisha jibu lako kwenye mlinganyo, linakubali. Ni jibu la kamba ambayo ncha zake hazikufungwa, zimevikwa pete zinazoteleza juu na chini kwenye nguzo. Ni kamba ya kweli, ila siyo uliyoitaka. Wewe ungefuta herufi tatu na kujicheka mwenyewe. Mimi nimekuacha na kosa lako mbele za watu wote wanaokupenda, nikijua.

Nakuahidi: fundi hatafungua mkebe wake kabla sijasema. Mwandiko wako sitaugusa. Wakitaka ubaki kama ulivyo, ubaki. Lakini Mama akipandisha wageni nitakuwapo, nami nitawaambia kwa sauti inayosikika kwamba pale pana kosa, kwamba nililijua, na kwamba aliyenifunza kuliona ni wewe.

Mungu akupe nafasi huko uliko, Kaka, na akusamehe yako, nami anisamehe yangu. Kwaheri.

Champali za Mama, zile ndara zake, zaja ngazini. Kila zikisikika nimekuwa nikiificha karatasi hii chini ya mto. Mwanzo niliiandika kwa Kiingereza makusudi, kwa kuwa Mama hakisomi, nikaichana. Hii ataisoma yote. Amefika mlangoni, auliza, "Salma, wafanya nini peke yako?" Naiacha hapa juu ya meza, wazi, nikamfungulie.