Kidawa Pandu Jecha: Upasuaji Tuliowaficha Watu

Mwaka umetimia, Kidawa, tangu ulipotutoka, na nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo bado haijazoea kimya cha cherehani chako.

Ulishona sare za skuli miaka kumi na tisa. Kila mtoto ulimwachia pindo pana. "Huyu atarefuka kabla hamjamaliza kunisifu," ukisema, pini umezibana mdomoni. Kiti chako kilikuwa cha mlangoni, asipite mtu bila ya kuitwa.

Uzito ulikuchosha: magoti, sukari, pumzi za kupanda ngazi. Ulipoamua kwenda Dar es Salaam kupasuliwa na kupunguzwa tumbo, ili ushibe kwa chakula kidogo, uliamua kwa akili zako timamu. Wenye haya tulikuwa sisi. Majirani tukawaambia umekwenda kutolewa jiwe la nyongo. Fikra hiyo ilikuwa ya mdogo wako Tahiya, asiyeishiwa mizaha, akiogopa watu wasije wakasema umekwenda kununua umbo.

"Mimi sina neno, waambieni," ulisema. Tahiya hakukusikiliza.

Ulirudi na karatasi ya hospitali. Moyo ukienda mbio, homa ikipanda, bega la kushoto likiuma, pumzi ikiwa fupi, usingoje. Huenda mshono wa tumbo unavuja. Tahiya akaifukia kabatini chini ya kanga, wanaokuja kukukagua wasiisome.

Siku ya nane baada ya upasuaji ulimwambia, "Tahiya, bega linaniuma. Na huu moyo unakimbia."

"Umemuona nani, dada? Mumeo Haroub yuko kazini!"

Wageni wakacheka. Nawe ulicheka, umeshika tumbo. Akakusugua bega kwa mafuta ya karafuu, anajiona mganga.

Asubuhi yake alikupeleka kwa daktari, na jirani yetu Bi Sichana akafuatana nanyi kwa mapenzi tu. Daktari aliviona vidonda vidogo vya tumboni, akauliza, "Amepasuliwa nini?"

Tahiya alimtazama Bi Sichana kwanza. "Nyongo, daktari."

Ulifungua mdomo useme. Akakubana mkono. Ukanyamaza. Mkarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Kila siku Tahiya anaikumbuka mbano ile. Mgonjwa ulikuwa wewe, lakini ulinyamaza ili yeye asiumbuke.

Kesho yake pumzi zilipokuwa haziji, Tahiya alikurudisha hospitali, akaisema kweli kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Wakakupiga picha ya tumbo, mvujo ukaonekana, wakakupasua tena. Lakini sumu ilikuwa ishaenea mwilini. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Hamkupewa karatasi?" Tahiya akamwambia iko kabatini, chini ya kanga.

Hata baada ya kukuzika hatukuacha kuficha. Kila aliyeuliza maradhi yako tulimjibu, "Tumbo," tukamkaribisha kahawa. Mpaka wiki iliyopita mwanao Ulfat, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, alipomwendea Tahiya jikoni.

"Mama mdogo, mama alifanya kosa gani hata hatusemi?"

"Hakufanya kosa, mwanangu. Nilifanya mimi." Akakaa chini, akamsimulia yote, mpaka ile mbano ya mkono. Kisha akatuita sote, akasema, "Andikeni, na jina langu mlitie."

Basi tunawaambia wote waliokaa nasi matangani: Kidawa alipasuliwa kupunguza tumbo. Mshono ulivuja. Dalili alizitaja mwenyewe, kwa mdomo wake, na sisi ndio tuliozifunika. Mwenye mgonjwa kama huyu amwambie daktari kweli, hata akiwa amesimama nani pembeni.

Tunaokukumbuka na kukuombea dua ni mama yako Bi Mwanakheir, mumeo Haroub, kaka yako Makungu, mwanao Ulfat, na Tahiya, aliyeomba awe wa mwisho kutajwa.

Hatutakusahau maisha, Kidawa. Wala hatutakuficha tena.