Jiwe la Baba Yako Liko Chini ya Gunia

Mbalizi, Mbeya
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Ipyana,

Huo msalaba wako wa terazo mpelekee aliyekufundisha adabu hizo. Mimi sikukuomba msalaba. Nilikwambia jiwe la kaburi la baba yako limepasuka, wewe ukanijibu kwa kidole gumba kwenye simu, eti "Bibi msihangaike, nitaagiza." Utaagiza nini? Gwakisa mwanangu alichonga mawe mpaka vidole vikapinda, leo alale chini ya kitu cha dukani kama mtu ambaye hakuwa na wenzake? Nimekasirika mpaka nikatafuta kalamu.

Haya, sasa nakusalimu. Ugonile, mjukuu wangu. Hujambo huko kiwandani Mgololo? Kifua chako kile cha utotoni kinasemaje na baridi? Gloria mkeo hajambo? Mtoto ameanza kutembea au bado anatambaa tu kama alivyokuwa kwenye picha? Mvalisheni soksi, msimfanye wa maonyesho.

Mimi sijambo kwa kiasi changu. Magoti ndiyo hayanisikii, na baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Viazi vimetoka vizuri, namshukuru Mungu. Naandika mwenyewe, sikumwita mtu. Darasa la nne la zamani lilikuwa darasa. Herufi zikipinda ni mkono huo, akili bado imenyooka.

Sasa nikwambie lilivyopasuka, maana kwenye simu ulikuwa na haraka.

Unazijua Jumamosi za kuchonga mawe hapa uani kwangu, hata kama umekaa mbali mpaka umezisahau. Baba yako alipokufa nilidhani zimekwisha. Hazikuisha. Bipin wa duka la vifaa vya ujenzi aliendelea kuja na msasa wake na mabega yake ya kukaa kwenye kaunta. Anord fundi wa kuchomelea aliendelea kutunolea tindo anazozifua kwa spring za magari. Apolonia, yule fundi cherehani aliyetoka Tosamaganga, akawa anakuja na nta yake kwenye kopo. Hakuna aliyeitwa msanii hapo. Kila mtu anajua kidogo, anamwonyesha mwenzake hicho kidogo, tunakunywa chai, tunachekana. Bipin alichonga tembo, watoto wa mtaa wote wakasema nguruwe, naye akasema basi ni nguruwe.

Wakakubaliana wao wenyewe, bila kutumwa na mimi, kwamba jiwe la kaburi la Gwakisa watalichonga wote. Ng'ombe aliyelala, kwa kuwa ndiye mnyama ambaye baba yako hakuchoka kumchonga. Anord akatoa pembe. Bipin akatoa mgongo. Mwanzoni alifanana na mbwa anayeumwa, sikuficha, niliwaambia. Lakini Apolonia alipomtia macho, Ipyana, nilikaa chini. Yule ng'ombe alikuwa anasikiliza.

Ikafika siku ya kumlainisha. Bipin akampiga msasa wa maji mchana mzima, jiwe likanywa maji. Mara Apolonia akasema tuwashe moto palepale, jiwe lipate joto, nta iingie, ling'ae. Moto ukawashwa. Hatukukaa sana, likatoa mlio mmoja kama fimbo kavu ikivunjwa gotini. Limepasuka kuanzia shingoni mpaka tumboni.

Baba yako asingefanya hivyo, na sasa najua kwa nini. Yeye Jumamosi hii aliwaonyesha maji, Jumamosi ile akawaonyesha moto. Katikati hapo, siku za kazi, wenzake wakiwa madukani kwao, jiwe lilikuwa linakauka ndani kwangu karibu na jiko. Hawakuwahi kuyaona hayo. Walichukua maji wakayafuatisha na moto, wakadhani wamejifunza yote. Mimi nilikuwa namwona kila asubuhi anaweka shavu lake kwenye jiwe. Nilidhani ni ule wazimu wake wa mawe. Kumbe alikuwa anasikiliza ubaridi, kwamba maji yametoka au bado yamo. Na wewe ulikuwa unaweka shavu lako upande wa pili, ukimwachia kamasi. Usiniambie hukumbuki.

Sasa ndiyo pabaya. Unakijua kile kigoda cha baba yako. Mtu jiwe likimpasukia, Jumamosi inayofuata anakaa pale, anaeleza alipigaje, alikosea wapi, wenzake wanasikiliza, hakuna kuzomea. Akimaliza, kipande chake kinajengwa kwenye ule ukuta mfupi nyuma ya jiko. Ukuta mzima umejengwa hivyo, na kila aliyekuja baadaye alijifunza kwenye ukuta ule. Safari hii kigoda kimekaa kitupu.

"Mimi nilipiga maji tu," Bipin alisema.

"Na mimi si nilifuata maji yako?" Apolonia akamjibu.

"Dada, moto ni wa nani?"

"Pembe zangu hazijapasuka," Anord naye akadakia, kama vile kuna mtu aliyemuuliza habari za pembe.

Nikawapigia kelele wakae, mmoja baada ya mwingine. Bipin akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama Gwakisa, jiwe la mtu mmoja lina mwenyewe. Hili ni la wote. Akae nani?"   

Tangu siku hiyo hawaji. Jana Jumamosi nimechemsha chai chupa nzima, nimeinywa peke yangu mpaka ikapoa. Nimekwenda dukani kwa Bipin, amenipa kiti na pipi, akaongea habari za mvua. Anord anasema ana kazi nyingi. Wote wawili wanasema moto, moto, moto, maana yake Apolonia. Na Apolonia amefunga mdomo. Anashona, anainamisha kichwa, nikimwita ananiambia "nakuja Bibi," na haji. Jiwe jingine Bipin alilileta kabla hawajatawanyika, liko uani, kuku wanalala juu yake. Lile lililopasuka nimelifunika gunia. Siwezi kulijenga ukutani halijasemewa, siwezi kulitupa, na kuliinua siwezi. Kumbukumbu ya baba yako ni mwezi ujao, mchungaji ameshatangaza. Nikiamuru hawaamriki. Nikinyamaza hawaji. Sijui nifanye nini, na sijazoea kutojua.

Lakini wewe unajua kwa nini Apolonia amefunga mdomo.

Siku ile kabla ya moto alikwenda nyuma ya jiko akakupigia simu. Usikatae, aliiweka simu sauti ya nje, mimi nilikuwa nimeinama hapo na mzigo wa kuni. Akakuuliza, "Mdogo wangu, tumemaliza maji, baba alikuwa anafuatisha nini?" Nyuma yako mashine zinanguruma. Ukasema, "Moto, dada, halafu nta. Nipo kazini." Ukakata. Hukusema likauke. Hukusema shavu. Wewe peke yako duniani ndiye uliyebaki na hilo la katikati, na hukuwa na nafasi ya kulisema.

Yeye hakukutaja. Anaona wewe ni mtoto wa marehemu, hawezi kukuweka mdomoni mwa watu. Anabeba lako kimya kimya, wenzake wanamnunia. Na mimi nilisikia kwa masikio haya, wakaniuliza mbele yake kama kuna aliyeulizwa, nikakwepa, nikasema kuni zangu zilikuwa kavu. Wewe ni damu yangu. Nilishindwa.

Shangazi yako Bertha anakusalimu, anauliza ule mtama ulifika? Mzee Liberatus jirani anakusalimu, bado yuko hai na bado anabishana. Nisalimie Gloria, mbusu mtoto kichwani. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape kulala na kuamka.

Sasa nisikilize. Hii Jumamosi ijayo sitaki iende bure, wala simu yako siitaki. Omba ruhusa kazini, panda gari la Mbeya. Ukishuka Mbalizi usije kwangu kwanza, pita kwa Apolonia, umwamkie, umbebee lile kopo la nta. Bipin na Anord nitawaambia umekuja, watakuja kukuona, kwa hilo hawatakataa. Ukae kwenye kigoda cha baba yako, useme mbele ya wote ulichoulizwa na ulichojibu. Halafu uwaonyeshe shavu. Ukimaliza usiondoke hapo karibu. Kigoda ni kifupi na magoti yangu unayajua. Nishike mkono, unikalishe.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, hata leo,
Faustina, Mama Gwakisa