Mfalme Mdomoni mwa Neema

Euless, Texas

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako ametema mfalme, tena ni mara ya pili leo. Nimemkuta chini ya meza shavu limevimba, nikamtia kidole mdomoni, mfalme akatoka amelowa mate, na yeye anacheka na meno yake manne. Sisi wazima. Wewe mgongo umepoa? Na Baba, bado anabishana na redio?

Ngoja nikueleze huyu mfalme. Nyumba ya chini yetu anakaa Bibi Doroti, mzungu mzee aliyezaliwa Uingereza. Tangu Baba Neema aanze kazi ya maghala huko uwanja wa ndege, ndiye peke yake anayenibishia hodi. Jana alipokuja kumwona mtoto alimtia kiganjani kipande cha fedha chembamba, kimepinda, kimelika, kimetobolewa tundu na kufungwa utepe mweusi. Kumbe kwao pia mtoto hushikishwa kitu mkononi! Alisema babake alikifukua akilima, na hakuna aliyewahi kujua ni nini.

Baba Neema akakipiga picha, akamtumia dadake, wifi yangu wa Houston. Simu ikalia papo hapo.

"Mama Neema, hiyo ni hirizi! Tundu, utepe mweusi, uso hauna macho! Unangoja nini tena, kibuyu cha mganga?"

"Wifi, ni zawadi ya mtoto."

"Hata sumu huja na sukari. Tupa!"

Na mume wangu, shemasi mzima, akaogopa. Akasema leo Bibi anakuja kula kwetu. Kama tutakuwa hatujajua ni kitu gani, arudishiwe kabla ya chakula. Mama, zawadi ya mtoto unairudishaje? Ningebaki kuongea na friji.

Leo asubuhi Neema akakitia mdomoni. Nilipokitoa kimelowa, nikakiinamisha dirishani jua likipiga kwa ubavu, nikaanza kuona vitu. Upande mmoja msalaba mrefu mpaka ukingoni, na katika kila pembe vinundu vitatu kama mafiga. Upande wa pili mtu mwenye taji, nywele zimefutuka huku na huku.

"Msalaba," Baba Neema akasema, akakaa chini pu!

Tukamwita Bibi na kioo chake cha kukuzia. Akasoma E, D, W. Edward! Nyuma ikabaki LON, ya London. Tukalinganisha na picha za pesa za zamani kwenye simu: ni pesa ya kale, Mama, karne na karne, iliyogongwa kwa nyundo moja moja, ndiyo maana haikukaa duara. Ila Edward yupi, imelika mno. Bibi anasema walifuatana baba, mwana na mjukuu, jina lile lile, na sura kwenye pesa karibu ile ile.

"Kama kwetu!" Baba Neema akapaza sauti. "Mimi na babu jina moja, hata pua!"

Sasa anamkatia Bibi chapati na kumwita mama mkwe.

Nisalimie Baba, na shangazi mshonaji, na mdogo wangu wa kidato cha pili, umwambie asome aje atusomee hizo herufi zilizobaki. Mimi mwanao nakuombea—

Ngoja Mama, naitwa sebuleni. Ni wifi kwenye simu, ananong'ona. Anataka nimuulize Bibi kama shambani kwao hakikufukuliwa kingine, maana na yeye anajifungua mwezi ujao.