Jibu la Chupa Mbili

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu gari likugonge mbele ya lango la chuo, na humu ndani hakuna aliyejifunza tena kukaa kitako. Baba anainuka kwenye cherehani bila sababu. Mama anazunguka vyumba na magoti yake yale yale mabovu. Mimi dada yako nimeanza kuandika haya mara nyingi, na kila mara nainuka kwenda dirishani.

Shangazi alikuita Kiguu na Njia, nawe hukulikataa jina. Siku ya harusi yangu ulitoweka kabla keki haijakatwa. "Nakwenda maabara kulisha seli, narudi sasa hivi." Sasa hivi yako tuliijua. Ulirudi tunakunja viti, mikono inanuka spiriti, ukadai keki yako.

Tulikucheka, lakini tulijua unakimbilia nini. Mama ana baridi yabisi tangu ukiwa mdogo. Wewe ndiye uliyemfunga vifungo vya gauni asubuhi, vidole vyake vikiwa vimevimba. Ukasoma shahada ya kwanza, ya pili, kisha uzamivu, na swali lako lile lile. "Uvimbe kuja si ajabu," ulikuwa ukisema huku unatafuna. "Hata kidonda huvimba, kikapona. Ajabu ni kwamba kwa Mama hauondoki. Nini kinauzuia kuondoka?"

Kwenye visahani vyako vya maabara ulikuza seli za wagonjwa kadhaa, na baadhi zilitoka kwenye goti la Mama, kwa ridhaa yake. Akawa anakuuliza, "Wajukuu wangu wameamkaje?" Nawe unamjibu, "Wamekula, ila wakorofi kama bibi yao."

Halafu zikaja zile chupa mbili. Moja ilikuwa na dawa uliyoitumainia, nyingine maji ya chumvi tu, na hukutaka kujua ipi ni ipi. Aliyejua ni mwenzako wa maabara, Miwani. "Nikijua, macho yangu yataona ninachokitaka," ulisema. Baba uvumilivu ukamshinda. Alimpigia Miwani simu kwa siri: "Mwanangu, ninong'oneze tu, haitoki kwangu." Miwani akamjibu, "Baba, nikikwambia, ataisoma usoni mwako kabla hujamaliza chai." Ulipopata habari ulimnunia Baba kutwa nzima, kisha ukacheka hadi machozi.

Ukatutoka hujamaliza kuhesabu seli za visahani ulivyovitilia matone ya chupa hizo. Msibani tulimkaba Miwani tukitaka jibu. Alilia, na akakataa. Yeye anajua siri ya chupa, kwa hiyo hawezi kuhesabu. Lazima apatikane mwingine asiyejua, afundishwe, aanze upya. Nilimkasirikia sana. Lakini ukaidi huo aliupata kwako, sasa tungemlaumu nani?

Tukangoja. Wanasema subira huvuta heri. Sisi ilituvutia presha. Kila simu ikilia, Baba aliidaka kabla ya mwenyewe. Mama alimwambia kila mgeni, "Mwanangu ameacha dawa, imebaki kuhesabiwa tu."

Wiki iliyopita Miwani alikuja na binti aliyehesabu. Hawakukaa mpaka tulipowasihi. Dawa haikufanya kazi, mdogo wangu. Visahani vya chupa hii na vya chupa ile havikutofautiana. Seli ziliendelea kuchochea uvimbe vilevile. Walitueleza kwamba hilo nalo ni jibu, kwamba njia hiyo sasa haitampotezea mwingine miaka yake. Tunaamini. Inauma vilevile.

Baba aliinamisha kichwa. Mama alisikiliza hadi mwisho huku akisugua vidole, kisha akatugeukia, kama mtu anayetutuma kwako chumba cha pili: "Basi mwambieni asikate tamaa. Ajaribu nyingine."

Alitutazama mmoja mmoja. Mwaka mzima Mama hakuwa amelia, hata makaburini. Siku ile alilia hadi jirani akaja mbio.

Unakumbukwa na Mama na Baba, mimi dada yako na shemeji yako, shangazi, na Miwani, ambaye siku hizi haji hapa kama mgeni. Hatujakusahau hata siku moja, na hatutakusahau.