Mlango wa Kiondo

Alhamisi, mwezi wa saba, 1996. Runyenjes imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, ule wa kulowesha sweta bila mvua kunyesha. Magoti yanauma. Macho yanauma. Hata mkono wa brashi, mkono ambao nimeusifu mbele za watu miaka ishirini na zaidi, leo umechoka hata kushika kikombe cha chai.

Naandika kwenye daftari hili kwa sababu mke wangu, Mama Muthoni, amechoka kunisikiliza. Amesema nikitaja tena neno mlango ndani ya nyumba hii, atahamia kwa dada yake.

Basi nakutajia wewe, daftari. Wewe huna dada.

Watu husema Njeru anajisifu. Mimi hutoa habari tu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini herufi hazikuniacha. Kutoka hapa mpaka Maua hakuna fundi wa maandishi wa kunifikia. Kule Maua nilichora fahali kwenye ukuta wa bucheri, na mbwa wa soko zima wakalala chini yake siku tatu wakingoja achinjwe. Pikapu moja ya miraa niliiandika ubavuni herufi za kuinama mbele, kama zinapigwa na upepo, na dereva akaja kuniambia askari wa barabarani amemkamata kwa mwendo wa kasi gari likiwa limeegeshwa. Wapwa wangu hucheka nikisimulia hiyo. Wacheke. Hawakuwepo.

Naandika haya ili nikumbuke nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya mlango ule.

Hapa juu kuna dispensari. Mwaka huu wamemaliza jengo jipya, milango mitano kwa safu, yote ya rangi moja ya udongo. Watu wakawa wanapotea. Mwenye jino anaingia kwenye sindano, mwenye kikohozi anaingia stoo. Mkubwa wa pale ni Sista Karimi, mama wa Kimeru, mfupi, haongei sana, na akikuangalia unajikuta umevua kofia. Aliniita akaniambia, "Fundi, nataka kila mtu ajue mlango wake, hata asiyejua kusoma. Ukiweza huu, kuna dispensari nyingine sita zinangoja, kuanzia Karurumo."

Sita! Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mheshimiwa.

Nikafikiria. Asiyesoma anataka picha. Juu ya mlango wa meno nikachora jino ukutani, jino kubwa lenye afya. Kwenye sindano, sindano. Kwenye dawa, chupa. Na kwenye kliniki ya akina mama wajawazito nikachora mama mjamzito, mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu. Siku nne nilikuwa juu ya ngazi. Lile tumbo lilikuwa na mwanga wake, nakwambia. Ungeweza kuhesabu miezi. Gauni lilikuwa na maua madogo, moja moja, kwa brashi ya manyoya matatu. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo, na kwa macho haya sidhani kama nitachora tena.

Chini ya kila picha nikaweka sahihi yangu, NJERU, kwa herufi nyekundu. Wiki iyo hiyo wagonjwa wakaanza kuulizia Daktari Njeru, kwa maana jina lake liko milango yote. Sista hakucheka. Mimi nilicheka peke yangu, na moyoni nikafurahi kidogo kuitwa daktari.

Halafu wiki mbili baadaye akaniita tena.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa imebaki karibu tupu. Wanawake waliozoea kujaza benchi wamekuwa wachache, na kwa daktari wa meno, ambaye pia huja Alhamisi, kumejaa. Yule kijana wa meno alinishika mkono akanionyesha foleni yake. "Mzee, nimefungua midomo kumi leo. Meno ya wanawake wa huku yanaweza kuvunja mawe. Wanafanya nini kwangu?"

Nikamwambia Sista labda picha haijaonekana vizuri, niikuze.

"Usipake chochote," akasema. "Kaa kwenye benchi. Siku nzima. Angalia watu, usiangalie ukuta."

Mimi? Fundi wa miaka hii yote, nikakae kwenye benchi kama mgonjwa? Nilikasirika mpaka masikio. Lakini zile sita za mbele zilinishika koti. Nikakaa. Hiyo ilikuwa Alhamisi iliyofuata, yaani iliyopita.

Kazi ya kukaa inachosha kuliko kupanda ngazi, hiyo sikuijua. Saa mbili za kwanza nilikuwa nangoja mtu asifu picha zangu. Hakuna aliyesifu. Mtu mgonjwa haangalii juu, daftari. Anaangalia chini, anaangalia miguu yake na miguu ya aliye mbele yake. Picha zangu nilikuwa nimezichora juu ili zionekane kutoka barabarani. Nilikuwa nimewachorea wapita njia.

Halafu akaja msichana mmoja, mke wa watu, mimba ya juu kabisa. Alikuwa na vumbi jekundu la kule chini kwenye joto, upande wa Mbeere, limefika magotini. Miguu imevimba, viatu ameshika mkononi. Alitafuta mlango, akainua macho, akamwona mama wangu wa ukutani na tumbo lake lenye mwanga. Akapiga hatua moja.

Kwenye benchi lililotazamana na mlango ule alikuwa ameketi mzee wa umri wangu, anangoja dawa ya presha. Msichana akasimama pale pale. Akavuta leso mpaka shingoni, akainamisha kichwa, akageuka akaenda kukaa kwa meno. Alipokaribia zamu yake ya kufunguliwa mdomo, akainuka taratibu akatoka kwa geti, viatu bado mkononi.

Sikuelewa. Karibu yangu kulikuwa na cucu mmoja, bibi kizee mwenye fimbo, yeye alikuwa ameelewa kila kitu.

"Yule mzee ni baba mkwe wake," akaniambia. "Na wewe ndiye umechora lile jambo?"

Nikamwambia ni mimi, kwa fahari kidogo bado.

"Aibu hukufundishwa na mama yako? Mke wa watu apite chini ya tumbo kama hilo, baba mkwe ameketi hapo anaangalia? Mlango wako unapiga kelele. Unasema, huyu hapa, njooni mwone."

"Lakini cucu, si kila mtu anaona ana mimba?"

"Kuonekana si kutangazwa, Baba. Hata wewe una upara, lakini hatujauchora ukutani."

Hapo nikajipapasa upara.

Nikamuuliza, zamani, kwa jengo la kale, wanawake walijuaje mlango wao? Akanishangaa kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi. "Si tulifuata viondo?"

Nikaangalia foleni za dawa na za meno. Nilikuwa nimeketi pale tangu asubuhi na sikuwa nimeona. Mwanamke akifika, haketi kwanza. Anaweka kiondo chake, kikapu cha kusukwa, chini kwenye mstari, nyuma ya kiondo cha aliyemtangulia, halafu anaenda zake kukaa juani au kunyonyesha. Kiondo kinamshikia nafasi. Hakuna anayekigusa. Kwa jengo la kale safu ya viondo ilikuwa ndiyo mlango. Kwa jengo hili jipya, chini ya picha yangu, hakukuwa na kiondo hata kimoja, na asiyeona kiondo anajua hapo si pake.

Nilimwendea Sista nikamweleza, na nikamtaja yule msichana wa miguu iliyovimba. Niliona uso wake ukibadilika. Akasema anaitwa Igoki, ni mimba ya kwanza, presha iko juu, na hii ni mara ya pili hajafika kwake. Alikuwa anafikiri Igoki ni mkaidi. "Fundi, huyo akikaa wiki nyingine bila kuonwa, sijui." Hakumaliza. Mtu ambaye haongei sana, akikata maneno katikati, unasikia yote.

Akamtumia ujumbe kwa mwanamke wa kule anayeuza maembe sokoni, kwamba Igoki aje Alhamisi bila kukosa. Mimi nikaambiwa mlango uwe tayari.

Ijumaa nilimfuta mama wangu.

Sijamwambia mtu jambo hili. Nilianzia miguuni kwa sababu sikutaka kuanzia usoni. Rangi nyeupe, mkono wa kwanza, na bado tumbo linaonekana chini yake kama mwezi nyuma ya wingu. Mkono wa pili. Mkono wa tatu. Mtunza bustani alipita akasema, "Pole, Fundi," kama mtu wa matanga. Nilimjibu ni vumbi la rangi limeniingia machoni. Rangi mbichi haina vumbi.

Halafu nikachora kiondo. Kimoja, kahawia, mistari miwili ya zambarau, mshipi wa ngozi. Sikukiweka juu. Nilikiweka chini, kando ya mlango, karibu na sakafu, pale ambapo macho ya mgonjwa hufika, na nilipiga magoti kwenye simenti hiyo siku nzima, ndiyo maana leo siwezi kuyakunja. Kila mwanamke ana kiondo, awe na mimba au na mtoto wa kikohozi au na udaku tu. Kiondo hakisemi siri ya mtu. Nikamwomba Sista pia ahamishe benchi la presha upande wa pili wa jengo. Alinitazama sana. Akasema, "Sasa umeanza kazi."

Umeanza! Miaka ishirini na zaidi, na nimeanza Ijumaa.

Tangu hapo usiku naamka, nakaa kitandani. Mama Muthoni aliniambia juzi, "Umepaka milango ya nchi nzima, baba, ukalala usingizi wa mtoto. Huu mmoja una nini?" Sikuweza kumwambia kwamba ile mingine yote sikuwahi kurudi kuangalia nani aliingia. Nilikuwa nikimaliza, nasogea nyuma, nasifu, naondoka. Nani alipotea chini ya herufi zangu, sijui. Hilo ndilo limenichosha, si ngazi.

Nikipita Embu mjini naona siku hizi kuna duka lenye kompyuta, inakata herufi za kubandika, zimenyooka kuliko zangu. Naam, nimekubali, zimenyooka kuliko zangu. Lakini haijakaa kwenye benchi.

Leo nilifika mapema nikaketi. Ukungu mzito. Saa tatu, viondo vitatu. Saa nne, saba, na foleni imepinda mpaka kwenye nguzo. Kwa meno kulikuwa na watu wawili tu, wote wanaume, wote wamevimba shavu kweli kweli. Igoki hakuwepo. Saa tano, hakuwepo. Cucu wa fimbo alikuja kuchukua dawa yake, akaketi nami, fimbo magotini, akiangalia geti.

Saa sita kasoro, getini, vumbi jekundu.

Alitembea polepole sana. Hakuinua macho. Nilimwona akifuata sakafu, akaona viondo, akaenda mpaka wa mwisho, akaweka chake. Mwanamke wa mbele yake alimtazama miguu, akainua kiondo cha Igoki akakipeleka mbele kabisa, na wote wakasogea kumpisha. Mlango ukafunguka. Akaingia.

Hakukitazama kiondo changu hata kidogo. Hakuna aliyekitazama. Asubuhi nzima niliketi pale na hakuna mtu mmoja aliyeuliza nani amechora.

Nilingoja. Sista alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu. Amesema presha ni mbaya lakini mtoto anacheza, na kwamba gari la dispensari litampeleka Embu hospitali leo leo, akae huko mpaka ajifungue. Amesema wiki ijayo angekuwa amechelewa. Halafu akasema, "Jumatatu nenda Karurumo. Usibebe rangi." Akarudi ndani.

Cucu akanigusa na fimbo. "Na jina lako mbona hujaandika safari hii?"

Nikamwambia mlango si wangu. Nilisema hivyo, kweli nilisema. Lakini hapa siwezi kudanganya: nyuma ya mlango, chini kabisa, pale ufagio unapogonga, kuna N ndogo kama punje ya mtama. Mtu habadiliki yote kwa wiki moja.

Wakati gari linawashwa, Igoki alitoka kwa mara ya mwisho, akasimama ukumbini akiangalia huku na huku. Akaniona mimi, mzee pekee hapo. Nikanyoosha mgongo. Nilidhani anakuja kushukuru, nikaandaa uso wa unyenyekevu.

"Baba," akaniuliza kwa sauti ya chini, "choo kiko wapi?"

Choo. Kiko nyuma ya jengo, kupita tangi la maji, na hakuna alama hata moja mpaka hapo. Nilimwonyesha kwa kidole. Ameenda, amerudi, wameondoka.

Kabla ya Karurumo, basi, kesho lazima nirudi pale, nikae karibu na tangi la maji, nione watu wanapitia wapi kwenda chooni na ni kitu gani kinawapa aibu. Siku nzima. Mzee mwenye upara, bila brashi, ameketi anaangalia watu wakienda chooni.

Nitamwambiaje Mama Muthoni?