Injini ya Mzee Gitau Inawashwa Leo

Yamumbi, Eldoret
Jumamosi asubuhi

Mama yangu,

Sasa hivi tu Imani ameinama, ameweka sikio kwa thamosi ya chai, akakunja uso kama mzee, akaniambia, "Mama, hii inakunywa oili." Watu wote kwa benchi wamecheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nimecheka pia. Mtoto wa miaka mitatu anatakiwa kujua majina ya wanyama, na huyu wangu anajua magonjwa ya injini. Nyumba yetu imekuwa hivyo tangu mwezi huu uanze.

Mama, hujambo? Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka ama bado unaloweka kwa maji ya chumvi? Mvua imewafikia huko Nambale, ama ni mawingu tu ya kupita? Sisi huku tuko wazima wa mwili. Imani alikuwa na kikohozi lakini kimeisha. Mimi nimekonda kidogo. Ukisikia kwa mtu usishtuke, ni mawazo, chakula kiko.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inakaa kwa Baba Mdogo, na Baba Mdogo akipokea anaweka sauti kubwa mpaka kuku wa jirani wasikie. Na hii ni habari ya ndama. Najua Jumanne Baba Imani alipiga akaomba muuze ndama wa Imani, yule ulimfunga kamba shingoni siku mtoto alitimiza miaka mitatu, ukasema huyu ni wa shule yake. Alipiga mimi nikiwa nimesimama kando yake na sikusema kitu. Kesho yake nilituma meseji, "Mama usiuze kwanza," lakini sijui kama Baba Mdogo alikusomea. Yeye hakosi mnunuzi wa ng'ombe. Kwa hivyo Nekesa, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, rudia hapa mara mbili: Mama, usiuze ndama mpaka usikie injini imesemaje. Nimepiga mstari chini.

Wacha nikueleze toka mwanzo ndiyo usiseme nimeolewa na mwendawazimu.

Pikapu yetu, ile Baba Imani anabebea mizigo, ilikufa ikitoka Burnt Forest na viazi vya watu. Baba Imani anasema ilianza kupandisha joto kwa mlima, akaiwekea maji, ikaenda kidogo, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ilivutwa na trekta mpaka hapa gereji kwa Fundi Kiprop. Kiprop ndiye jirani yangu wa kazi, kibanda changu cha chai kimeegemea ukuta wake wa mabati. Alitoa kile kijiti cha kupimia oili akaniita. Oili ilikuwa nyeupe, imechanganyika na maji. Akasema, "Mama Imani, leo hata mimi nimepika chai ya maziwa. Leta kikombe." Nilitaka kumchapa na mwiko. Halafu akaacha utani, akamwambia mume wangu injini imepasuka tumboni, hiyo haishonwi, atafute ingine.

Mama, huku mtu hanunui injini mpya, hiyo ni ya matajiri. Tunanunua zile zimetumika Japani zikaletwa. Na kuna desturi yake. Injini inawekwa chini juu ya tairi kuukuu, inaunganishwa na betri, dizeli inatoka kwa jerikeni, inawashwa hapo hapo kwa vumbi watu wakiangalia. Ikishapata joto, mnunuzi anafungua kifuniko cha kutilia oili, anaweka kiganja juu ya lile tundu. Ikipumua polepole, hiyo ni nzima. Ikikusukuma mkono kama mtu wa pumu, unasema asante unaenda nyumbani. Hakuna mtu wa akili anabeba injini kabla ya kuweka mkono.

Mjini kuna Mzee Gitau, ameuza injini miaka mingi, duka lake linanuka mafuta taa na tangawizi. Baba Imani alienda kwake, wakachagua moja, wakapeana mikono. Ilikuwa iwashwe Alhamisi ya wiki iliyopita. Ingewashwa hiyo Alhamisi, Mama, sasa hivi ningekuwa nakuandikia mambo ya kanisa.

Lakini Jumatano watu walijaa kwa kibanda kwa sababu ya mvua, na maneno yakaanza. Mmoja akasema ile kampuni ya ng'ambo inayounda hizi pikapu imeachana na yule aliyekuwa anawauzia injini za dizeli. Ati wamepata mwingine, na za aina yetu hazitakuja tena, hata spea zitapotea.

"Umesikia wapi?" Kiprop akamuuliza.

"Kila mtu anajua."

"Mimi si mtu? Mbona sijui?"

Wakacheka. Sasa kulikuwa na bwana mmoja wa kofia ya buluu, mgeni, ameketi pale mwisho. Akasema kwa upole sana, "Hiyo ni kweli. Ndiyo maana wazee wengine wa injini hapa mjini wameanza kuuza za hapa hapa. Wanatoa kwa pikapu zilizoanguka barabarani, wanaosha na maji moto, wanapaka rangi ya fedha, wanasema imetoka Japani." Watu wakauliza, nani? Akasema hataji mtu. Lakini akasema, "Muulizeni huyo Mzee wa tangawizi, injini zake zinatoka na udongo mwekundu wa kwetu." Halafu akanunulia benchi lote chai, na mandazi juu.

Nilifurahi, Mama. Sikuwa nimeuza hivyo wiki mbili. Nilimwongezea sukari bila kuombwa.

Baba Imani alipokuja kula nikamwambia yote vile nilivyosikia. Si kama mtu anayesema "nimesikia." Nilisema kama mtu aliyeona. Na si yeye peke yake, nilimwambia mwenye kinyozi, na mama wa mboga, na wateja wengine watatu wanne. Mume wangu akaniangalia, akasema, "Unataka kuniambia Mzee Gitau ananiuzia udongo?" Nikasema, "Mimi sisemi. Watu ndio wanasema." Alhamisi hakuenda.

Kuna watu wapya wamefungua godauni upande wa barabara kubwa. Akaenda huko. Wakamwonyesha injini imefungwa kwa nailoni nyeupe, nadhifu kama maiti ya tajiri. Akaomba iwashwe chini. Wakamwambia, "Hii ni ya kufungwa, mzee. Ukiona imefungwa ujue ni safi. Na hizi ndizo za mwisho, si umesikia vile injini zinabadilishwa huko ng'ambo?" Alikuwa amesikia, si mimi ndiye nilimwambia! Akashikwa na haraka. Akawapa nusu ya pesa yetu yote, na ile injini iliyokufa wakaichukua kama chuma chakavu. Mume wangu ambaye hanunui hata embe bila kulibonyeza, Mama, alibeba injini bila kuiwekea mkono.

Jumatatu Kiprop akafungua nailoni. Akachukua bisibisi, akakwaruza pale injini inapofungiwa na bolti kubwa. Rangi ya fedha ikatoka, chini yake kukawa udongo mwekundu, wa kwetu kabisa, na mzizi mdogo wa nyasi. Alimpa Baba Imani ule mzizi kwa mkono. Wakaiunganisha na betri hata hivyo, ikazunguka, ikalia kama mlango, basi.

Walirudi godauni wote wawili. Jibu walilopewa ni kwamba injini ikishafunguliwa hairudishwi. Na Mama, nani alikuwa ameketi hapo mlangoni kwa kiti cha plastiki anachokonoa meno? Kofia ya buluu. Ni dalali wao. Kiprop aliponiambia nilikuwa nimeshika chujio, nikaliacha lianguke kwa jiko. Yale mandazi alinunulia watu yalikuwa kazi yake ya siku hiyo, na mimi ndiye nilimfikishia maneno mpaka kwa kinyozi, bure, na tabasamu juu.

Sasa unaelewa kwa nini Jumanne nilinyamaza wakati Baba Imani anakuomba uuze ndama. Ningesema nini? Maneno yaliyotupoteza yalipita kwa mdomo wangu. Yeye hakunilaumu hata kidogo. Angenigombeza ningelia niishe. Aliniambia tu, "Kama injini haipatikani, Nafula, tutarudi nyumbani. Nitalima." Lakini alisema akiangalia mikono yake, na wewe unajua shamba la kwao ni la ndugu sita.

Sikulala vizuri. Jumatano nikambeba Imani mgongoni nikapanda boda mpaka mjini, kwa Mzee Gitau, bila kumwambia mume wangu. Nilimkuta anapangusa injini na kitambaa kama mtu anayeosha mtoto. Nikasema, "Shikamoo Mzee. Mimi ni bibi ya yule wa pikapu ya viazi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Ni wewe wa chai Yamumbi?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye unauza chai na jina langu?"

Mama, nilitamani sakafu ifunguke. Nilimwambia ukweli wote, kofia ya buluu, mandazi, kinyozi, mama wa mboga. Nikamwomba msamaha nimeinamisha kichwa, na Imani huko mgongoni anamsalimia, "Guka, Guka," yaani babu kwa Kikuyu, neno alilosikia kwa watoto wa jirani. Mzee hakucheka. Alimalizia kupangusa ile injini. Halafu akasema pole pole, "Mimi nilikuwa na shamba Burnt Forest, kabla ya zile vurugu za uchaguzi. Sikutolewa huko na watu wabaya kwanza. Nilitolewa na maneno. Watu walikuja baadaye. Nikaanza upya hapa na spana mbili. Sasa mama, sihami tena kwa sababu ya maneno."

Nililia. Akanipa kitambaa, kikiwa na grisi, nikajipaka grisi uso mzima, ndipo akacheka kidogo.

Akaniambia injini tuliyochagua bado iko. Tumpe ile nusu ya pesa iliyobaki, zingine tulipe kidogo kidogo pikapu ikitembea. Lakini kwa sharti moja: haitawashwa kwa duka lake. Itawashwa kwa kibanda changu, siku watu wamejaa, mbele ya wale wale waliosikia. "Uongo uliketi kwa benchi yako," akasema, "ukweli pia uje uketi hapo."

Ndiyo hiyo leo, Mama. Imeletwa na mkokoteni, iko mbele yangu juu ya tairi, hatua tano hivi. Kiprop anafunga nyaya. Kinyozi ameacha mtu na kichwa nusu amekuja kuangalia. Mama wa mboga naye amekuja, ananikwepa macho. Mzee Gitau amevaa koti la kanisani. Baba Imani ameshika jerikeni ya dizeli kwa mikono miwili.

Naogopa, sikufichi. Injini hii imelala dukani miezi, na Mzee mwenyewe ameniambia, "Chuma si binadamu, siwezi kukuapia." Ikikataa leo, yeye jina lake limeisha hapa Eldoret na ni mimi nimemmaliza. Na sisi itabidi tukuombe huyo ndama kweli, ama tufunge virago. Ikikubali, Jumatatu pikapu iko Burnt Forest na ndama anabaki na kamba yake. Mama Mchungaji anasafiri leo kuja huko kwenu, ameketi hapa anangoja kuona. Amesema gari lake likifika ataichukua barua hii hata kama haijaisha, na mwisho wake atakwambia kwa mdomo. Amini vile atakwambia, yeye haongezi chumvi.

Acha nitangulize salamu nisije nikazisahau. Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, mwambie ule ugoro wake nimemtumia, uko ndani ya soksi, asimwonyeshe mchungaji wenu. Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie kwa upole huyo mnunuzi wake angoje. Wewe Nekesa mdogo wangu, soma vitabu, mimi niliacha shule mapema ndiyo maana naamini kila mwenye kofia. Msalimie pia mwalimu wa kwaya na mke wake, walionishonea nguo ya harusi. Wewe Mama nakusalimia mwisho kwa sababu wewe ndiye mwanzo. Imani amechora hapa pembeni, anasema ni wewe, mimi naona ni kama kiazi.

Wameiwasha. Ngoja.

Mara ya kwanza imekataa. Moshi mweusi, kinyozi amekimbia. Mtu amesema "udongo huo," sijui ni nani, na Mzee hakugeuka. Kiprop analegeza kitu, anatoa hewa kwa bomba la dizeli, anasema injini ikikaa sana inaingia hewa. Baba Imani midomo inatembea, anaomba. Mara ya pili inazunguka, inazunguka, Mungu wangu, Mama, imeshika! Imeshika, kibanda kinatetemeka, vikombe vinagongana, watoto wanaruka. Imani anaziba masikio na anacheka. Lakini kushika si kupona. Inangojwa ipate joto ndiyo iwekewe mkono, na hapo ndipo tutajua. Mzee ametoa kitambaa, ameshika kifuniko. Kiprop amekunja mkono wa shati aweke kiganja, Mzee amemzuia. Baba Imani amesogea, amemzuia pia. Mzee anaangalia huku. "Mama wa chai! Wacha kuandika, kuja hapa!" Mama, anasema hataki mkono wa fundi wala wa mume, anataka mkono wa yule aliyebeba maneno, watu wamenipisha njia, na mimi mkono wangu wote una wino. Naacha kalamu hapa, naenda kuweka mkono, mengine Mama Mchungaji atakwambia.