Pumzi ya Zaina

Ikoni, karibu na Moroni

Mama yangu mpenzi huko Mutsamudu,

Nakuamkia kwa heshima. Vipi goti lako? Na baba, anakunywa dawa zake bila kubembelezwa? Sisi wazima, na leo nakuandikia kwa furaha.

Ulisikia jinsi binti yangu Zaina alivyozidiwa na pumu. Siku ile tulikodi teksi kutoka hapa Ikoni kwenda hospitali ya mjini, amenilalia mapajani, kifua kinapiga filimbi. Njiani wale askari mamluki wa Kizungu wanaoweka vizuizi barabarani wakatusimamisha, wakapekua gari mpaka chini ya viti. Midomo ya mtoto ikaanza kugeuka rangi. Nikapiga kelele, "Huyu anakufa!" Ndipo mmoja akatupungia mkono tupite.

Hospitalini, alipotulia, daktari aliniuliza, "Analala wapi?" Nikamwambia: chumbani kwa bibi yake, kwenye godoro la sufi, chini zulia, na udi unafukizwa kila jioni.

"Vumbi na moshi ndivyo vinavyomkaba," akasema. "Dawa peke yake haitatosha."

Mama, nilirudi na vita. Mama mkwe akasimama mlangoni: "Zulia la harusi yangu halitoki! Na nyumba isiyofukizwa ni nyumba gani?"

Nikamjibu kwa adabu, "Mama, udi tutaufukiza uani. Zulia atatutunzia dada yako. Zaina hatuna mwingine."

Nikashika ncha moja ya zulia. Naye akainama, akashika ncha ya pili, tukalitoa pamoja. Godoro la sufi likafuata. Sasa Zaina analalia la sponji. Mashuka nayachemsha, sakafu naipangusa kwa kitambaa chenye maji badala ya kutimua vumbi kwa fagio. Ukuta uliokuwa na ukungu, mume wangu Abdu ameukwangua na kuupaka chokaa. Paka wetu, kwa ajili ya manyoya yake, kahamia jikoni, kanuna.

Basi juzi, kwenye maulidi ya chuo chake cha Kurani, Zaina kasimama mbele ya watu, kasoma kaswida mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa hata mara moja. Pumzi ile, mama! Bibi yake akapiga vigelegele kunishinda mimi, akawageukia majirani: "Mjukuu wangu huyo! Zulia nililitoa mimi mwenyewe!"

Sifa zote nikamwachia.

Nisalimie baba, shangazi wa Mirontsy anayeuza samaki, na kaka yangu wa bandarini. Idi tutakuja. Zaina anasema umngojee juu ya ngazi zenu, atazipanda mbio.

Mwanao akupendaye,
Mwanaesha